Kilo Tisa za Routeur

Mabati kumi na mawili yaliteremshwa Jumanne asubuhi, na mvua ya Mubi haikungoja hata yafike sokoni. Léonard alikuwa bado juu ya ukuta wa jiko, koleo mkononi, misumari mdomoni, wakati matone ya kwanza yalipoangukia mafiga ya marehemu mke wake. Hakuteremka. Aling'oa bati la mwisho huku analowa, akampokeza binti yake chini, kisha akatema misumari kwenye kiganja.

"Enda ufunike ordinateur yako," akasema. "Jiko litalala wazi."

"Papa, tuache hata mawili juu ya moto."

"Mwenye kununua anataka kumi na mbili. Hataki kumi."

Adelaïde aliyabeba mabati mawili mawili mpaka kwenye baraza. Jiko hilo lilikuwa la Léontine, mama yake. Léonard alilijenga kwa mikono yake mwaka ambao kasiterite, madini ya bati, ilikuwa na bei, na Léontine alipika ndani yake miaka minne tu. Alikufa kwenye kituo cha afya ambacho kilikuwa na simu isiyo na betri, na gari la wagonjwa ambalo mkubwa mmoja alikuwa amelitoa wiki hiyo kwenda kumbebea mbao. Léonard alilisimulia jambo hilo kwa kila mtu aliyekaa naye zaidi ya dakika tano, na kila mara alimaliza vilevile: "Mbao zilifika muzuri."

Sasa kulikuwa na karatasi ukutani pa parokia. Shirika moja lilitaka kuunganisha vituo vya afya vya zone kwa internet, na lilimtafuta fundi mmoja, mwenyeji wa hapa hapa. Atakayeshinda jaribio angelipiwa examen kubwa ya réseau, yaani mitandao ya kompyuta, apate cheti kinachotambulika popote, kisha apewe kazi. Jaribio lingefanywa katika salle ya parokia, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Zilibaki siku kumi na nane.

Adelaïde alikuwa amesoma informatique Goma miaka mitatu. Vita ilimrudisha nyumbani na sanduku moja na ordinateur, kompyuta ya zamani yenye kona iliyopasuka. Vitabu alivijua. Mikono ndiyo haikuwa na kitu cha kujifunzia.

"Kuko njia mbili," alimweleza baba yake mchana huo, wakiwa wamekaa barazani, mvua ikipiga mafiga yaliyo wazi. "Ya kwanza, tununue routeur ya kweli, mbili, zile zenye zimeshatumika. Routeur njo inaonesha habari njia ya kupita, kutoka ordinateur moja mpaka ingine. Ya pili, tuache vyuma. Tuongeze mémoire mu ordinateur hii, ishike mambo mingi, kisha niweke programu. Routeur zinakuwa mule ndani, za virtuel. Nafungua mbili, tatu, hata kumi. Naziharibu, nazianza upya. Na hazikuli courant. Ile ya kweli, panneau yetu ya jua haiiwezi hata saa moja."

"Ziko mule ndani wapi?"

"Mu ordinateur, Papa."

"Nikiifungua na tournevis, nitaziona?"

"Hapana. Hutaziona."

"Basi haziko," akasema Léonard.

Adelaïde alicheka kwanza, halafu akaona kwamba baba yake hachezi. Akachana karatasi ya daftari, akaandika kwa herufi kubwa ili mzee asihangaike: BARRETTE YA MÉMOIRE, GIGA NANE. FLASH YENYE PROGRAMU. Chini yake akaandika: HAPANA ROUTEUR, akapiga mistari miwili. Alimsomea mara mbili, na mara ya pili akamwomba arudie. Léonard alirudia neno kwa neno, kama mtu anayesoma hukumu yake.

Yeye ndiye aliyepaswa kwenda. Mwenye vitu hivyo alikuwa Shasha, kule ziwani, na barabara ya kutoka Mubi mpaka Shasha haikuwa barabara ya kumtuma binti wa miaka ishirini na mitatu. Hilo hawakulijadili.

Noël, mtoto wa dada yake Léontine, alikuwa anashuka Masisi na pikipiki yake kununua maharagi. Alimpakia mzee kwa nusu bei na maneno mengi.

"Papa, ukilala usingizi huku nyuma, uniambie. Nisikuje kufika Sake na koti tupu."

"Endesha. Hii njia haina hata mahali pa kulalia usingizi."

Siku tatu walipita katika matope yaliyofika kwenye mabomba ya pikipiki. Kwenye kila barrière walilipa watu wenye nguo tofauti. Wengine walijiita serikali, wengine walijiita walinzi wa wananchi, wengine hawakujiita chochote, walinyoosha mkono tu. Léonard alihesabu serikali nne kati ya Walikale na Sake, wala hakuona jembe moja likitengeneza njia. Alikuwa amefunga dola za mabati ndani ya soksi, na kila waliposimamishwa aliukaza mguu kana kwamba noti zingeweza kutoa sauti.

Jean-de-Dieu wa Shasha alikuwa na duka upande mmoja wa nyumba. Upande wa pili mke wake alianika sambaza. Kila kitu mle kilinuka samaki: ordinateur, nyaya, hata karatasi za risiti. Mashirika yalipofunga ofisi zao na kukimbia, yeye ndiye aliyenunua walichoshindwa kubeba. Alisoma karatasi ya Adelaïde, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Huyu mutoto anajua kazi. Mukae, Papa."

Akavuta droo, akatoa kipande cha kijani, kirefu kama kidole cha kati, chembamba kama biskuti. Akakiweka kwenye kiganja cha Léonard. "Njo hii. Giga nane. Dola makumi mbili na tano."

Léonard alingoja mkono wake umwambie kitu. Haukumwambia. Miaka kumi na mmoja alikuwa mpimaji katika nyumba moja ya kununua madini pale Mubi, na kabla ya mzani kulikuwa na mkono wake. Mchimbaji alimpa mfuko, naye aliuinua mara moja tu. Kama ulivuta bega chini, ilikuwa kasiterite. Kama uliinuka bila ubishi, ilikuwa mchanga uliochanganywa, na mchimbaji alirudishwa na mfuko wake huku wenzake wanamzomea. Bwana mnunuzi alisema mkono wa Léonard haujawahi kumpotezea hata dola moja. Siku bwana huyo alipofunga nyumba alimpa kofia.

"Ni nyepesi," akasema Léonard.

"Ni mémoire, Papa. Haina uzito."

"Naona."

Macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye rafu. Pale palikuwa na masanduku mawili ya chuma, rangi ya bluu iliyochakaa, yenye matundu mgongoni. Akauliza. Jean-de-Dieu akasema ndiyo, hizo ni routeur, za zamani lakini zinafanya kazi, dola thelathini kila moja. Zilitoka ofisi ya shirika moja la chakula. Léonard aliinua moja. Bega lake likashuka. Akainua ya pili.

"Kilo ine na nusu," akasema. "Na hii vilevile. Kilo tisa."

"Papa, mutoto aliandika barrette. Alipiga hata mistari."

"Mutoto iko na miaka makumi mbili na tatu. Hajaibiwa bado."

"Mimi siko mwizi, Papa."

"Sikusema wewe."

Hakusema yeye. Alikuwa anafikiria wale wengine. Katika maisha yake walimpa vitu vingi visivyo na uzito. Député, mbunge wao, alikuja na kipaza sauti akawapa umeme; waliupigia makofi, mpaka leo hawajauona. Walimpa karatasi ya daraja ambalo halikujengwa. Walimpa kadi ya ushirika wa wapimaji, yenye picha yake, na ushirika haukuwa na hata meza. Walimpa karatasi yenye muhuri kwamba Léontine alikufa kifo cha kawaida. Karatasi hiyo aliikunja mara nne, na hata ikiwa imekunjwa hivyo ilikuwa nyepesi kuliko unyoya wa kuku. Sasa binti yake, damu yake, alikuwa anamwomba auze paa la jiko la mama yake anunue kipande kama biskuti, ili mashine zisizoonekana zikae mahali zisipoonekana.

"Tumuite mutoto kwa simu," Jean-de-Dieu akashauri. Walijaribu mara tatu. Antenne ya Mubi ilikuwa imekufa tangu juzi. Mafuta ya kuiendesha yalikuwa hayajafika, au yalifika na kuuzwa.

"Nipe vyuma," akasema Léonard.

Jean-de-Dieu alivifunga ndani ya gunia la maharagi, pamoja na waya mmoja wa rangi ya samawati. Alionekana mwenye haya, kama mtu aliyeuza kitu kwa mtoto. Mwishoni alichukua flash ndogo nyeusi kutoka mezani. "Hii iko na programu zenye mutoto aliandika. Chukua bule. Mimi niko na zingine."

Bure. Bila shaka, alifikiri Léonard. Kisicho na uzito kingekuwaje na bei? Aliitupia ndani ya kiberiti chake, kati ya njiti, akasahau.

Siku ya pili ya kurudi, kwenye barrière ya tatu, kando ya daraja la miti, kamba ilikuwa imefungwa kati ya miti miwili na kitambaa chekundu katikati. Mwenye mamlaka, waliyemwita commandant, alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli wa duka la simu, anatafuna hindi la kuchoma. Mama kumi hivi wenye mizigo ya maharagi walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja na kikombe chake cha maharagi cha kutoa kama ushuru. Noël alitoa chake. Askari mmoja kijana akapiga gunia la Léonard kwa ncha ya fimbo, likalia ting.

"Maharagi yako inalia, Muzee?"

Walilimwaga. Masanduku mawili ya bluu yalianguka kwenye matope, na waya ukajikunja juu yake. Mstari wa akina mama ukarudi nyuma hatua moja, wote pamoja.

Commandant aliacha hindi. "Hii ni nini?"

"Ni routeur, chef."

"Routeur inafanya nini?"

Léonard alifungua kinywa. Alitafuta maneno ya Adelaïde ya barazani, akapata nusu tu. "Inaonesha habari njia ya kupita," akasema. "Kutoka fasi moja mpaka ingine."

Alisikia mwenyewe jinsi yalivyotoka. Noël, aliyekuwa anafunga maharagi yake, alifumba macho.

"Kumbe," akasema commandant polepole. "Habari. Kutoka kwetu kwenda kwa nani?"

"Hapana, chef. Ni ya masomo. Mutoto wangu anasoma. Kuko jaribio Mubi, kwa parokia."

"Mutoto mwanaume?"

"Mwanamke."

Askari walitazamana. Yule kijana alitabasamu tabasamu ambalo Léonard angelikumbuka kuliko kitu kingine chochote cha siku ile. Commandant alifuta vidole vyake kimoja kimoja kwenye suruali.

"Mwanamke mwenye anajua mashine ya habari. Vizuri sana. Siye pia tunamutafuta muntu kama ule; radio zetu zote zimekufa. Iko na miaka ngapi?"

Léonard aliivua kofia yake.

"Utafanya hivi, Muzee. Mashine zinabaki hapa na wewe unabaki hapa. Huyu wa pikipiki anaenda kumuleta mutoto. Anakuja anatuelezea mwenyewe. Kama ni masomo, tutaona. Atatutengenezea na radio, anakaa siku mbili tatu, tunamulisha. Hatuna mubaya."

Mama mmoja kwenye mstari alianza kukohoa na hakunyamaza. Léonard alitazama vile vyuma matopeni. Alisikia maji yanapita chini ya daraja la miti, na akili yake, ambayo haikuwahi kuwa nyepesi, safari hii ilikwenda mbio.

"Hakuna mutoto, chef," akasema.

"Nini?"

"Nilidanganya. Mungu anisamehe. Nilifikiri nikisema masomo mutanihurumia, mutaniacha bila kulipa. Mimi nanunua vyuma. Chuma kuukuu. Nauza kwa kilo, kwa benye kuyeyusha masufuria. Hizi bintu sijui hata kazi yake. Naziona nzito, nanunua."

"Njo vile, chef," Noël akadakia haraka mno. "Huyu muzee, nyumba yake imejaa vyuma. Hata mabati alikwishakung'oa ya kwake. Ni ugonjwa."

Commandant alimtazama Noël, akamtazama Léonard, kisha akainama kwenye kiti, akaonyesha jiwe lililoegemezwa kwenye nguzo ya kamba.

"Ni chuma ya kuuza kilo?"

"Ndiyo, chef."

"Iwe mbovu, iwe muzima, bei ni moja?"

"Ni moja."

"Basi vunja."

Léonard alipiga magoti. Jiwe lilikuwa na upande mmoja wenye matope, likamteleza mara ya kwanza, akajipiga kidole. Askari walicheka. "Piga sawa mwanaume, Muzee! Ao unamuhurumia?" Akapiga. Kifuniko cha bluu kilibonyea lakini hakikupasuka. Kilikuwa chuma kizuri, chuma cha kweli, mkono wake haukuwa umemdanganya. Alipiga tena na tena. Ndani palikuwa na ubao wa kijani wenye vitu vidogo vidogo vilivyopangwa kwa mistari kama nyumba za mji unaotazamwa kutoka mlimani. Aliupiga huo mji. Vipande viliruka mpaka kwenye miguu ya akina mama, nao wakavisukuma kwake kwa vidole vya miguu, bila kumtazama usoni.

Ya pili ilichukua muda mfupi zaidi. Alikuwa ameshajua mahali pa kupiga.

"Kusanya," akasema commandant, ameshachoka na mchezo. "Na ulipe taxe ya chuma."

Léonard alilipa dola nne. Waya wa samawati waliubakiza, ungefaa kuanikia nguo. Yule askari kijana akatoa sigara, akanyoosha mkono: "Kiberiti." Léonard akampa. Kijana alifungua, akaiona flash kati ya njiti, akaichomoa kwa kucha.

"Na hii?"

"Nyimbo za kwaya," akasema Léonard.

Kijana aliigeuza mara moja, akaipima mkononi, hakusikia kitu. Akairudisha ndani ya kiberiti, akachukua njiti tatu, akamtupia.

Adelaïde alilifungua gunia mwenyewe, juu ya meza, mchana wa siku waliyofika. Noël alikuwa amemweleza yote pale uani, kwa kifupi, pikipiki ikiwa bado inanguruma. Alitoa vipande, akavipanga bila sababu: vifuniko huku, mbao za kijani huku, misumari midogo ndani ya kisahani. Baba yake alisimama mlangoni na kofia ya bwana mnunuzi mkononi.

"Barrette ilikuwako?" akauliza binti.

"Ilikuwako."

"Uliigusa?"

"Niliigusa. Sikuisikia."

Adelaïde alikaa. Alifunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika, na Léonard hakujua kama analia au anacheka mpaka alipoondoa mikono. Alikuwa amefanya yote mawili.

"Papa, ungepita nayo mu kinywa," akasema. "Kwa barrière zote. Chini ya ulimi. Hakuna muntu angeona."

"Najua sasa."

"Nilipiga mistari mbili."

"Niliona mistari."

Akaweka kiberiti mezani. Ilimchukua binti muda kuelewa. Alipoiona flash, alisimama, akakimbilia ordinateur yake yenye kona iliyopasuka, na kwa dakika kumi nyumba ile ilikuwa na tumaini. Programu zilikuwako zote. Jean-de-Dieu hakuwa mwizi. Routeur ya kwanza ilifunguka: Léonard aliitwa, akaona duara dogo kwenye kioo na maandishi meupe yanayoteremka.

"Njo hii?"

"Njo hii."

"Inafanya sawa ile ya chuma?"

"Sawasawa."

Aliinama karibu, macho yakimwuma. Alitaka kuinyoshea mkono lakini akauzuia.

Kisha Adelaïde akafungua routeur ya pili. Mashine ilivuma, ikapata joto, kioo kikaganda. Akaizima, akaianza upya. Ikaganda tena. Giga mbili zilizokuwamo zilitosha moja tu, wala hazikuongezeka kwa kuombewa. Dola zilizobaki zilikuwa nne. Shasha ilikuwa siku tatu, na mabati yalikuwa tayari juu ya nyumba ya mtu mwingine.

Siku saba alijifunza na routeur moja tu. Asubuhi panneau ilipopata jua alikaa, akaandika amri zote alizozijua, akaipa routeur jina, akaifunga kwa neno la siri, akaifungua. Mchana, betri ilipokufa, alichukua vifuniko vilivyovunjika, akatumia kamba za kufungia mihogo kama nyaya, akazichomeka kwenye matundu yaliyobonyea, kutoka moja kwenda nyingine, huku midomo inasema peke yake. Mvua ikinyesha, alipika ndani ya nyumba na moshi ukawatoa wote wawili nje.

"Kazi yake yote ni kuzungumuza na mwenzake," alimwambia baba yake siku ya tano, macho mekundu. "Moja inauliza njia, ingine inajibu. Moja peke yake, naweza kuiamuru kila kitu. Lakini haina muntu wa kusemezana naye. Sijui itasema nini siku itakapojibiwa."

Léonard alitikisa kichwa. Hilo alilielewa bila kuelezwa.

Jaribio lilianza saa tatu asubuhi, likaisha saa sita. Washindani walikuwa watatu. Mtu wa shirika, kijana mwenye viatu vyeupe, aliweka juu ya meza ya katekisimu ordinateur mpya tatu, na ndani yake routeur sita. Zote za virtuel. Léonard aliona kupitia dirishani, kati ya wazazi wengine. Hakukuwa na chuma hata kimoja mle ndani. Kijana yule alikuja na mtandao mzima ndani ya mfuko wa mgongoni.

Binti yake alimaliza ya kwanza kabla ya wengine wawili. Alimwona anainua kichwa, anatabasamu kidogo. Kisha zikaja za kuunganisha. Alimwona anaandika, anafuta, anaandika. Alimwona anasimamisha mikono juu ya vitufe na kuiacha hapo, kama mtu aliyegonga mlango akasikia sauti asiyoitegemea.

Walimchukua kijana kutoka Walikale Centre, mtoto wa mtu wa ofisi. Labda alijua kweli. Adelaïde alisema alijua kweli, na Léonard alitamani asingelisema, maana wakati wote wa kurudi alikuwa amejiandalia wa kulaumu, na orodha ilikuwa ndefu, toka yule wa mbao mpaka yule wa mwavuli, na sasa ilimbidi ajiweke mwenyewe mahali fulani katikati.

"Walisema kabla ya mwaka mupya kutakuwa ingine?" akauliza.

"Hawakusema."

"Mabati ya chumba changu—"

"Acha, Papa." Hakuwa mkali. Alimshika mkono wa koti, mkono ule wa kupimia, wakatembea hivyo mpaka nyumbani.

Jumatatu Léonard alibeba gunia mpaka kwa Marcellin, mnunuzi wa vyuma kuukuu, kando ya maegesho ya malori. Alikuwa ameokota kila kipande, mpaka ile misumari ya kisahani. Marcellin alikuwa kijana mwenye haraka. Alilichukua gunia, akataka kukadiria kwa jicho.

"Kilo saba, Papa."

"Ni tisa," akasema Léonard.

"Umeipimia wapi?"

"Weka kwa balance."

Marcellin alicheka, akaita watu wawili waliokaa juu ya tairi waje kuona muzee anayebishana na chuma. Akatundika gunia kwenye ndoano. Mshale uliyumba, ukapanda, ukasimama juu ya tisa, haukupita hata unywele. Wale wawili wakapiga mluzi.

"Huu mukono!" akasema mmoja. "Papa, huu mukono ungekuwa serikali."

Léonard alipokea noti zake, akazikunja bila kuzihesabu. Zilitosha kilo moja ya chumvi, labda na sabuni. Marcellin alikuwa amekwishaanza kumwaga vipande kwenye rundo, na ubao mmoja wa kijani ukamsimamisha. Aliuinua kwenye jua, akautazama kwa upande mmoja, kisha kwa mwingine.

"Ni bintu gani hii, Papa? Kabla haijavunjika, ilikuwa nini?"

Léonard alikwisha kugeuka. Aliirudisha kofia kichwani.

"Vyuma," akajibu.